Mbadala wa Sauti ya Nne

Mwaka 1994 Mwalimu Joram Nyangwine alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na hakuwa amewahi kushika sururu. Kwa kijiji cha Nyangoto, mkoani Mara, wakati ule hilo lilikuwa jambo la kuelezwa, kama mtu mzima anavyotakiwa kueleza kwa nini hajaoa. Bwana mifugo alikuwa na duara, kama mashimo ya dhahabu yanavyoitwa huku. Katekista alikuwa na hisa katika maduara mawili. Mlinzi wa shule alichimba nyuma ya choo cha wavulana, mahali hasa alipoajiriwa kulinda.

Joram alikuwa mzaliwa wa Ringwani, mtoto wa wakulima wa mtama, na alifundisha hisabati na kwaya katika shule ya sekondari iliyokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mashimoni. Hisabati haikumsumbua. Kwaya ilimsumbua, kwa sababu ambayo aliweza kuieleza kwa ufupi: mvulana akivunja sauti, mwaka huohuo mkono wake unapata nguvu ya sururu. Kwa hiyo kila alipopata mwimbaji wa sauti ya nne, yaani besi, duara lilimpata pia. Katika miaka sita alipoteza besi ishirini na mmoja. Walikuwa hai wote na wenye afya, na walimsalimia shikamoo vizuri sana walipokutana naye njiani wamejaa udongo.

Juni mwaka ule alikuwa amebakiwa na besi mmoja, Mwikwabe, kidato cha tatu, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye sauti iliyofanya vioo vya darasa vitetemeke. Joram alikuwa amekwenda mara tatu kwa baba yake kumwombea asipelekwe duarani mpaka amalize shule. Mara ya tatu mzee alimjibu, "Sawa, Mwalimu. Lakini siku akiacha kuimba, ni wangu."

Ndipo ikaja barua ya mwaliko kutoka sekondari moja ya wasichana mjini Kisumu. Kwaya iimbe Jumamosi katika kanisa moja Migori, Jumapili katika ukumbi wa shule hiyo, Jumatatu watembezwe kuona nchi, Jumanne warudi. Kati ya wanakwaya kumi na sita hakuna aliyekuwa hajawahi kufika Kenya. Wengi walikuwa na bibi huko. Wawili walizaliwa huko. Lakini kwenda Kenya kwa bibi ni kwenda kwa bibi. Kwenda na barua yenye muhuri ni kwenda ng'ambo, na wazazi walikuja kuwaaga watoto wao huku wakilia.

Mkuu wa shule hakulia. Muhula uliopita timu ya mpira ilikwenda mechi ya ugenini na wachezaji kumi na wanne, ikapita mahali palipoibuka dhahabu mpya, ikarudi na tisa. Safari hii aliandika barua yenye sentensi mbili: "Wanaondoka kumi na sita, warudi kumi na sita. Akipungua mmoja, kwaya ifungwe na chumba chake kiwe stoo ya mahindi." Joram alitia sahihi, akaikunja barua akaiweka mfuko wa shati, upande wa kushoto.

Majoho yalitolewa na Nikodemo, mnunuzi wa dhahabu mwenye mzani wake sokoni. Yalikuwa ya kijani kibichi. Kifuani palishonwa msalaba mweupe. Mgongoni, kwa herufi za njano zenye ukubwa wa kiganja, paliandikwa: NIKODEMO ANANUNUA DHAHABU, NYANGOTO.

"Bwana Nikodemo," Joram alimwambia, "hii ni kwaya."

"Ndiyo maana kifua nimekuachia wewe na Mungu," Nikodemo akajibu. "Mgongo ni wangu."

Joram alikubali, akihesabu kwamba watu huitazama kwaya kwa mbele. Alisahau wimbo wa kutokea.

Wanaojua kwaya za Mara wanajua kwamba kwaya haishuki jukwaani kama watu wanaoshuka kwenye gari. Inaingia na wimbo wa kuingilia, inatoka na wimbo wa kutokea, hatua moja mbele, nusu nyuma, na wimbo haukatwi mpaka mtu wa mwisho avuke mlango. Wakati huo hakuna anayesema wala anayewazuia njia. Watu husimama na kupiga makofi. Wimbo wa kutokea wa Joram ulikuwa na beti nane. Pale Migori, Jumamosi tarehe 18 Juni, watu wapatao mia tatu walisimama wakipiga makofi na kusoma migongo ya watoto wake kwa dakika sita.

Kesho yake alfajiri, Joram akiwa kwa mchungaji anamalizia kikombe cha tatu cha chai, uwanja wa kanisa ulijaa ndugu wa wanafunzi. Kila mmoja alibeba mawe: katika vikapu, katika kanga, mwingine katika sufuria yenye mfuniko.

Joram aliporudi, ndugu walikuwa wameshaondoka na wanafunzi wameshapanda basi dogo walilokodi, wamevaa majoho tayari kwa tamasha la Kisumu. Dereva wao, Omondi wa Sirari, alisimama mlangoni.

"Umehesabu?" Joram akamuuliza.

"Majoho kumi na sita, Mwalimu. Kamili."

Joram akaketi mbele, akawapa mgongo, akafungua karatasi zake za nyimbo. Njia nzima kulikuwa kimya. Alishukuru kwa hilo, akadhani ni woga wa tamasha.

Kisumu Joram alitangulia kuwasalimu wenyeji, na kwaya ikaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, gizani, ikapangana nyuma ya pazia. Joram alisimama mbele yao upande wa watu. Pazia likafunguka. Akainua mikono, akatazama mstari wa nyuma kumpa Mwikwabe ishara, na badala ya Mwikwabe akaona ndevu.

Zilikuwa ndevu kamili, za mtu mzima, zenye mvi mbili tatu. Mwenye nazo alikuwa amevaa joho lililomfika magotini, na alimtikisia kichwa Joram kwa heshima, kama mtu anayesema endelea. Joram akapitisha macho haraka. Nyuso tisa alizijua. Nyuso saba hakuwahi kuziona maishani.

Mikono ilikuwa imeshainuliwa. Aliishusha, kwa sababu hakujua jambo lingine la kufanya nayo, na kwaya ikaimba.

Iliimba vizuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wale saba walikuwa watu wa kwaya za makanisani kwao. Tenzi walizijua, ingawa wawili waliimba kwa Kijaluo na mmoja alimaliza kila ubeti kabla ya wenzake. Sauti ya nne ilitoka kwenye zile ndevu kama ng'ombe dume anayetoka zizini. Watu walisimama. Mkuu wa shule mwenyeji alimwambia Joram kwamba hajawahi kusikia besi ya namna hiyo kwa mwanafunzi.

"Hata mimi," Joram akasema.

Alimwita kiranja wa kwaya, Scholastica, nje ya jiko.

"Scholastica. Mwikwabe yuko wapi?"

"Yuko kwa mjomba wake, Mwalimu."

"Akello?"

"Kwa shangazi yake, Mama Abonyo."

"Na hawa ni nani?"

"Ni mbadala wao, Mwalimu."

Akaeleza bila haraka, maana kwake halikuwa jambo la ajabu. Ndugu walisoma migongo, wakajua kwamba watoto wao wa Nyangoto ni watu wa dhahabu. Kila mmoja alikuwa na jiwe lililomsumbua shambani. Walitaka mtoto kwa siku mbili tu, aje alitazame. Mama Abonyo ndiye aliyeanza. Alimshika Akello mkono, akasema, "Nyathina, mwanangu, dada ya baba yako ana jiwe linalong'aa, na wewe unakwenda Kisumu kuimba?" Scholastica alipomkumbusha kwamba hesabu ya kwaya haitakiwi kupungua, mama yule aliona aibu, akamtoa binti yake mwenyewe. Wengine wakafuata mfano.

"Kama kwenye risaga, Mwalimu," Scholastica akamaliza.

Joram hakuhitaji kuelezwa risaga. Alikulia ndani yake. Ni kundi la majirani linalolima shamba la huyu leo na la yule kesho, na sheria yake ni moja: usipoweza kufika, tuma mtu badala yako, na huyo haondoki mpaka mwenyewe arudi. Sheria ile ililima Ringwani nzima. Hakuwahi kufikiri kwamba inaweza kuimba.

"Ungewaambia hapana."

"Walikuwa watu wazima, Mwalimu. Tena niliandika." Akatoa daftari. Kulikuwa na majina saba upande mmoja na saba upande wa pili, yamepigiwa mstari kwa rula.

Jina la mwisho lilikuwa Mwikwabe, na mbele yake: Ezra, mtoto wa mjomba.

Ezra alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, wake wawili, na ekari nne za tumbaku nje kidogo ya Isebania, upande wa Kenya wa mpaka. Joram alimkuta amekaa bwenini juu ya kitanda cha chini, joho bado mwilini, akisubiri kuambiwa ratiba.

"Bwana Ezra, vua joho upumzike. Wewe si mwanafunzi."

"Mwalimu, mimi hapa si Ezra," akajibu kwa upole. "Mimi ni Mwikwabe mpaka Mwikwabe arudi. Nikivua, nafasi yake itakuwa tupu. Tunakula saa ngapi?"

Joram alitaka kurudi Migori usiku uleule. Omondi alikataa. Mafuta ya kurudi yangewekwa na wenyeji, na wenyeji wangeyaweka baada ya matembezi, si kabla.

"Omera, ndugu yangu, watoto wanakula kwa shangazi zao," alisema. "Nani amewahi kufa kwa shangazi?"

"Shangazi si tatizo. Barua ndiyo tatizo," Joram akasema, akagusa mfuko wa shati.

Kwa hiyo Jumatatu walitembezwa. Kwanza walipelekwa ziwani. Walisimama mstari mmoja ufukweni wakalitazama maji, kisha Rhobi wa sauti ya kwanza akasema, "Si ni lile lile la Musoma?" Mwalimu mwenyeji alieleza kwamba huu ni upande wa Kenya. Wakalitazama tena kwa heshima zaidi. Baadaye waliokuwa wa Nyangoto kweli waliinama wakaanza kuokota kokoto, wakazilamba na kuzielekeza juani, kwa mazoea tu, kama watu wengine wanavyong'ata kucha. Mbadala walipoona hivyo, nao wakalamba.

Halafu walipelekwa kwenye kibao cha Ikweta. Joram alipanga kuwapiga picha, sauti ya kwanza na ya pili kaskazini, ya tatu na ya nne kusini. Ezra alitafuta mstari wenyewe chini kwa muda mrefu.

"Uko wapi?"

"Hauonekani. Ni wa kufikirika," Joram akamwambia.

"Umewekwa na serikali?"

"Hapana."

"Basi Mwikwabe nitamwambia nini? Ataniuliza umefananaje." Akasimama mguu huku na mguu kule, akafumba macho, akakaa hivyo hata picha ilipokwisha kupigwa, ili aweze kutoa taarifa kamili.

Joram hakula siku ile. Alikuwa akihesabu. Akello atarudi, Mama Abonyo alikuwa mtu wa kanisa. Wengine watano walikuwa watoto wadogo, wangelilia kwao. Wasiwasi wake ulikuwa Mwikwabe. Mtu wa miaka kumi na tisa, mwenye mabega yale, aliyeachwa siku tatu shambani na watu wanaotafuta dhahabu, hatoki huko akiwa bado besi.

Jumanne saa nne asubuhi walifika Migori. Ndugu walikuwa wanasubiri kwenye uwanja wa kanisa, wametimiza ahadi, na watoto sita walirudishwa wakiwa wamenenepa. Joho lilivuliwa kwa huyu likavalishwa yule. Kila mbadala alimuaga Joram kwa mkono. Mama Abonyo alitoa viazi vitamu na lawama.

"Mwalimu, huyu mtoto amelitazama jiwe langu akasema ni jiwe. Kweli mnawafundisha?"

Walibaki mmoja kwa mmoja: Ezra ndani ya basi, Mwikwabe kwa Mzee Waisiko, baba yake Ezra.

Omondi aliposimamisha gari kando ya shamba la tumbaku la mzee huyo, hakukuwa na tumbaku. Kulikuwa na shimo lenye ukubwa wa darasa, na watu zaidi ya mia moja ndani yake na kandokando yake, na muuza mandazi, na fundi aliyekuwa akinoa majembe. Juu ya kifusi paliwekwa kiti cha sebuleni chenye kitambaa cha kufumwa. Kwenye kiti alikaa Mwikwabe, kofia ya mjomba wake kichwani, akionyesha kwa kijiti mahali pa kuchimba.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema bila kushuka.

"Marahaba. Umewaambia nini hawa?"

Mwikwabe akateremsha sauti, jambo ambalo kwake halikuwa rahisi. "Mjomba alinionyesha jiwe. Nikasema huenda. Akachinja mbuzi. Kesho yake akaniuliza kama nina hakika, na mbuzi nilikuwa nimeshamla."

Mzee Waisiko alifika akiwa na jiwe mkononi, watu wote nyuma yake.

"Mwalimu, karibu. Wewe ni mkubwa wao. Mpaka hapa tumechimba kwa neno la kijana. Sasa tupe neno la mtu mzima. Ipo au haipo?"

"Mzee, mimi ni mwalimu wa hisabati na kwaya. Sijawahi kuchimba."

Shimo zima likacheka. "Mtu wa Nyangoto hajui dhahabu!" akasema mwenye mandazi. "Mura, kijana, huyu anataka apewe mbuzi kwanza!"

Joram alilishika jiwe. Lilikuwa zito kiasi cha jiwe. Akisema ipo, Mwikwabe hataondoka pale mpaka ionekane. Akisema haipo, kuna watu mia moja wenye majembe yaliyonolewa na shamba la tumbaku lililokwisha. Akatazama nyuma. Kwaya yake ilikuwa imeshuka garini, imepangana yenyewe kwa sauti, kama ilivyozoea kila ikiona watu wengi. Ilimbidi acheke.

"Mzee Waisiko," akasema, "kwetu mgeni hasemi kabla hajaimba. Niruhusu kwanza vijana waimbe. Na Mwikwabe ni wa sauti ya nne, lazima asimame na wenzake."

Hakuna mtu wa pande zile anayekataza kwaya. Majembe yakawekwa chini. Ezra akavua joho mbele ya watu wote, akamvalisha Mwikwabe, akamfunga vifungo mwenyewe. Wakaimba nyimbo tatu. Watu walipiga makofi. Mwenye mandazi alilia kidogo. Wimbo wa tatu ulipoisha, Mzee Waisiko akafungua kinywa, na Joram akainua mkono wa kulia wenye vidole viwili juu, ishara ya wimbo wa kutokea.

Hatua moja mbele, nusu nyuma. Watu walisimama, wakafungua njia. Ubeti wa kwanza kwaya ilizunguka shimo. Ubeti wa tatu ilifika kwenye nyasi. Watu waliifuata wakipiga makofi, macho yao kwenye migongo, na hakuna aliyethubutu kuuliza kitu wimbo ukiendelea. Ubeti wa saba walikuwa mlangoni mwa basi, wakipanda kwa mdundo, na Omondi alikuwa ameshawasha injini. Ubeti wa nane uliimbwa gari likitembea. Mzee Waisiko alionekana kwa nyuma akisimama katikati ya njia, jiwe likiwa limerudishwa mkononi mwake, mdomo bado wazi.

"Msiache," Joram akawaambia. Wakaurudia wimbo tangu mwanzo, beti zote nane, mpaka mpakani.

Pale mpakani afisa wa upande wa Tanzania aliwashusha, akawahesabu kwa kuwagusa bega mmojammoja.

"Kumi na saba."

Joram aligeuka. Mwishoni mwa mstari alikuwa Ezra, amevaa shati lake, amesimama wima. Alikuwa ametoka na kwaya kwa mazoea.

"Bwana Ezra. Mwikwabe amesharudi."

"Nimemwona. Lakini wimbo ulikuwa haujaisha." Akafikiri. "Kwetu amebaki nani badala yangu?"

"Hakuna."

"Basi narudi." Akapeana mikono na sauti ya nne nzima, yaani Mwikwabe. "Baba nimwambie nini juu ya lile jiwe?"

Joram aliona kwamba sasa kulikuwa na mpaka kati yake na majembe, lakini hakutaka kumdanganya mtu huyu. "Mwambie ni jiwe. Mwambie na mbuzi wake nitamlipa mimi, Mwikwabe nitamdai mwenyewe."

Ezra akakubali kwa kichwa, akaondoka kwa miguu.

Saa kumi na moja jioni kwaya ilisimama uwanjani mbele ya mkuu wa shule na wazazi. Wazazi hawakusikiliza. Walikuwa wameshafungua mabegi na kutoa kokoto za ziwani, za Ikweta na za Migori, na baba mmoja alikuwa ameanza kutwanga yake kwenye kinu alichokuja nacho. Joram alisoma majina kwa sauti hata hivyo, na kila jina likajibiwa nipo. La kumi na sita lilijibiwa kwa besi, na vioo vya ofisi vikatetemeka. Mkuu wa shule akampa funguo za chumba cha kwaya.

Mwikwabe aliacha kuimba Oktoba. Siku ile ya kiti na kofia ilikuwa imemwingia. Alimwandikia Joram barua ya heshima, akaomba radhi, akashuka duarani kwa baba yake. Mkuu wa shule alisikia, akasema atapita kwenye mazoezi ya Alhamisi kuhesabu.

Alhamisi Joram aliingia chumbani akiwa ameshika ile barua ya sentensi mbili, tayari kuirudisha. Wanakwaya walikuwa wamesimama mahali pao, wamevaa majoho. Kwenye mstari wa nyuma kulikuwa na ndevu.

"Mwikwabe alinitumia salamu Jumapili kwamba hatafika," Ezra alisema. Alikuwa na vumbi la Isebania mpaka kwenye kope. "Nimemwambia mke mkubwa aangalie tumbaku. Joho liko wapi?"

Mkuu wa shule alipita saa kumi na nusu. Hakuingia. Alisimama dirishani, akanyoosha kidole, akahesabu majoho kutoka mbele kwenda nyuma, akaandika kumi na sita kwenye kitabu chake. Joram akainua mikono.